Kibadilishajoto Huanza Kutunzwa Siku ya Kukinunua

Hotuba iliyotolewa mbele ya mafundi wa vyombo vya majini, wasindikaji wa mawese na wanafunzi wa ufundi mitambo, Kigoma mjini

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mafundi ambao nimekwisha kuwaamkia mmoja mmoja pale mlangoni, akina mama wasindikaji wa mawese, na ninyi wanangu mnaojifunza ufundi mitambo, ninawashukuru kwa kunipa asubuhi hii. Chombo mnachokiona juu ya stendi mbili za mbao kimetolewa kwenye boti moja ya hapa ziwani, na tangu alfajiri nimekuwa nikizimwagia boliti zake mafuta ya kulegeza kutu ili tukifungue pamoja kabla ya adhuhuri. Kwa lugha ya vitabu kinaitwa kibadilishajoto cha ganda na mirija. Sisi wa karakana hukiita kipoza oili kikiwa kwenye injini, na kondensa kikiwa kinageuza mvuke kuwa maji, lakini umbile ni lilelile na maradhi yake ni yaleyale.

Nimeishi na vyombo hivi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwenye vyumba vya mashine vya meli na kwenye nyumba za jenereta, na neno nililokuja nalo ni moja. Tunazungumza sana habari za kusafisha, za brashi na asidi, ilhali uwezekano wa kukisafisha chombo hiki uliamuliwa zamani na mtu aliyekiagiza, ambaye mara nyingi hakuwahi kushika spana na wala hakumwuliza aliyewahi. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mrija ukitoboka Kigoma, huwezi kutuma kijana dukani akarudi nao jioni. Kwa hiyo sisi, kuliko watu wengi, tunapaswa kuuliza kabla ya kulipa: chombo hiki kitafunguliwaje, na kwa zana gani?

Mji huu una ushahidi wa fikra hiyo. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hadi Kigoma ndani ya masanduku na kuunganishwa upya, ilishushwa majini mwaka 1915, na mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo ilikutwa ingali inafaa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina ambalo kila mtoto wa mwambao huu analijua, Liemba. Wale mafundi, katikati ya vita na wakiwa wameshindwa, walimfikiria fundi atakayekuja baadaye. Ninawataja kwa heshima, kwa sababu aliyesanifu kipoza oili hiki kilichopo mbele yetu hakumfikiria fundi yeyote, na mtaona kwa nini nasema hivyo tutakapokifungua.

Kazi ya kibadilishajoto ni kupitisha joto kutoka kwenye kimiminika kimoja kwenda kwenye kingine bila viwili hivyo kuchanganyika. Ndani ya ganda, ambalo ni pipa la chuma refu, kuna fungu la mirija iliyopangwa sambamba. Kimiminika kimoja, tuseme maji ya ziwa, hupita ndani ya mirija. Kingine, tuseme oili ya injini, huzunguka nje ya mirija hiyo, ndani ya ganda. Mirija 100 yenye kipenyo cha milimita 19 na urefu wa mita 2 ina eneo la nje la karibu mita 12 za mraba, yaani sakafu nzima ya chumba cha kulala imekunjwa ikaingia kwenye ganda ambalo kipenyo chake hakifiki sentimita 35. Hiyo ndiyo hekima ya umbile hili, na ndiyo taabu yake pia, maana sakafu ya chumba huifagia kwa kuiona, lakini hii unaifagia kwa kupapasa.

Kila mwisho wa mirija kuna bamba nene lililotobolewa matundu, nasi tunaliita bamba la mirija. Ncha ya kila mrija huingizwa kwenye tundu lake, kisha hutanuliwa kwa rola kutoka ndani mpaka ukuta wa mrija ukandamize ukuta wa tundu, au huchomelewa, au hufanyiwa yote mawili. Katikati ya fungu kuna mabamba mengine yaliyokatwa upande mmoja, ambayo tunayaita vizuizi. Vizuizi hivi vina kazi mbili: vinailazimisha oili ipande na kushuka ikiikata mirija kwa upana badala ya kuteleza moja kwa moja kuelekea mlango wa kutokea, na vinaishikilia mirija isicheze. Fundi anayevikuta vimeliwa na kutu akasema havina maana, kwa kuwa havizibi chochote, anafanya kosa kubwa. Niliwahi kuchomoa fungu ambalo tundu za vizuizi vyake zilikuwa zimepanuka kwa kutu, na kila mrija wa safu ya nje ulikuwa na mkato mwembamba wa duara mahali palepale kizuizi kilipokuwa, mkato safi kama uliofanywa kwa msumeno. Mrija uliokosa mshiko ulitetemeka kila injini ilipozunguka, ukajisugua kwenye ukingo wa bamba mpaka ukakatika.

Sasa nifike kwenye uamuzi wa mnunuzi, na hapa naomba mniwie radhi nikikaa kwa muda.

Kuna namna tatu kuu za kulishika fungu la mirija. Namna ya kwanza, mabamba yote mawili ya mirija huchomelewa kwenye ganda. Ni ya bei nafuu, ina viungo vichache vya kuvuja, na ukifungua vichwa, yaani vifuniko vya mwisho, unaiona mirija yote imenyooka mbele yako, unaweza kupitisha brashi kutoka upande huu ikatokea upande ule. Lakini nje ya mirija huwezi kupafikia kamwe, kwa sababu fungu halitoki. Namna ya pili, mirija hukunjwa kama herufi U na kushikwa na bamba moja tu, hivyo fungu zima hutoka nje na kila mrija una uhuru wa kurefuka. Ubaya wake ni ule mkunjo: brashi ya kawaida haipiti, na mrija ulio katikati ya fungu ukitoboka huwezi kuubadilisha bila kuiondoa iliyouzunguka, kwa hiyo unaziba tu. Namna ya tatu ina kichwa kinachoelea, yaani bamba moja limefungwa kwenye ganda na la pili liko huru ndani yake, likisogea mbele na nyuma kadiri mirija inavyorefuka na kufupika. Hiyo inasafishika ndani na nje, na inabadilishika mrija kwa mrija. Ni ya bei ghali, ina gasketi nyingi zaidi, yaani shiti za kuziba viungo, na gasketi ya ndani ikivuja huioni kwa nje.

Kwa nini uhuru wa kurefuka uwe jambo kubwa? Chuma cha kawaida chenye urefu wa mita moja hurefuka kwa takribani milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mirija ya chuma ya mita 3 ikiwa na joto linalozidi la ganda kwa nyuzi 60, itataka kuwa ndefu kuliko ganda kwa milimita 2 na zaidi. Mirija ya shaba hutaka nafasi kubwa zaidi. Milimita mbili machoni petu ni kitu kidogo, lakini ncha zote mbili zikiwa zimefungwa, nguvu inayozaliwa ni ya kuing'oa mirija kwenye bamba lake au kuipinda kama upinde. Ndiyo maana ganda la namna ya kwanza, pale tofauti ya joto inapokuwa kubwa, huwekewa mkunjo wa kutanuka unaofanana na mdomo wa kinanda cha mkono. Na ndiyo maana nawasihi waendesha mashine wasiufungulie mvuke kwa pupa asubuhi chombo kingali baridi. Fungua kidogo, subiri, sikiliza, ongeza.

Liko na jambo la mpangilio wa mirija. Ikipangwa kwa pembetatu huingia mingi zaidi ndani ya ganda lilelile, na muuzaji atakusifia hilo. Ikipangwa kwa miraba, hubaki vichochoro vilivyonyooka kati ya safu na safu, ambamo brashi au maji yenye nguvu yanaweza kupita. Viwango vya TEMA, chama cha Marekani cha watengenezaji wa vyombo hivi kilichoundwa mwaka 1939, vinataka umbali kati ya kitovu cha mrija na kitovu cha jirani yake usipungue mara 1.25 ya kipenyo cha mrija, na pale ambapo nje ya mirija patasafishwa kwa zana, kichochoro kisipungue milimita 6.4. Akina mama wasindikaji, neno hili linawahusu. Mawese huanza kuganda yanapopoa, na takataka zake zikishikamana na mrija wa moto huungua zikawa ganda gumu. Anayewauzia kipashajoto cha mvuke kwa ajili ya mawese akayaweka mawese nje ya mirija iliyopangwa kwa pembetatu, ndani ya ganda lisilofunguka, amewauzia chombo cha msimu mmoja. Mwambieni mawese yapite ndani ya mirija iliyonyooka, na mvuke, ambao hauachi uchafu mwingi, ndio uzunguke nje. Kanuni ni nyepesi: kilicho kichafu zaidi kipite mahali ambapo brashi inafika.

Kuhusu madini ya mirija nitasema machache. Maji ya Ziwa Tanganyika si chumvi kama ya bahari, lakini yana alkali, pH yake ikikaribia 9, na yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu. Aloi za shaba na nikeli huyavumilia vizuri. Aloi ya shaba na zinki huyavumilia pia ikiwa imetiwa aseniki kidogo kwa kusudi hilo. Isipotiwa, zinki hutoka polepole na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu kama sponji, ambayo kwa macho ina umbo la mrija na kwa kidole inavunjika kama biskuti. Chuma kisichoshika kutu, ambacho wengi hukiamini kupita kiasi, kina adui wake, nayo ni kloridi iliyomo kwenye chumvi. Ninyi mnaoijua chumvi ya Uvinza mnajua inavyolifanya bati la paa. Basi chombo cha chuma hicho kisichoshika kutu kikiwa kwenye maji ya chumvi yaliyo moto hutoboka kwa vishimo vidogo au kupasuka nyufa huku sehemu iliyobaki ikimetameta kama mpya. Anodi ya zinki inayofungwa kwenye kichwa cha upande wa maji imewekwa iliwe badala ya mirija na bamba. Iliyoliwa nusu inafanya kazi yake. Iliyokaa miaka miwili haijaliwa hata chembe haigusani na chuma vizuri, na fundi aliyeipaka rangi ndiye aliyeizuia.

Sasa habari ya uchafu wenyewe. Lugha yetu ina maneno mawili yanayotosha kabisa, ukoga na ukoko. Ukoga ni ule utelezi laini wa viumbe hai na tope unaotanda ndani ya mirija ya maji, hasa masika, wakati mto Luiche na mingine inapomwaga tope ziwani. Ukoko ni ile tabaka ngumu ya chokaa inayoshikamana pale maji yanapopata moto. Watu huuogopa ukoko kwa sababu ni mgumu, na huudharau ukoga kwa sababu kidole kinaufuta. Hesabu inasema vingine. Chuma hupitisha joto vizuri kuliko ukoko kwa karibu mara 20, kwa hiyo ukoko wa milimita moja ni kama umeuongezea mrija wako ukuta wa chuma wa sentimita 2. Ukoga, ambao sehemu yake kubwa ni maji yaliyosimama, hupitisha joto vibaya zaidi, na milimita yake moja ni sawa na chuma cha sentimita 8. Utelezi ule unaoufuta kwa kidole ndio unaokuchemshia injini.

Dawa ya kwanza ya ukoga ni mwendo wa maji. Maji yanayokwenda chini ya mita moja kwa sekunde ndani ya mrija huacha tope litue. Yanayozidi sana mita 2 kwa sekunde huanza kuimomonyoa mirija ya shaba, hasa mdomoni. Kwa hiyo anayebana valvu ya maji ya ziwa ili kupandisha joto la oili anaualika ukoga ndani ya chombo chake. Dawa ya pili ni chujio. Nimetoa kwenye machujio ya boti za hapa vipande vya nyavu, majani, mifuko ya plastiki na dagaa wazima. Dawa ya tatu ni kutoyaacha maji yakasimama ndani ya chombo wiki nzima boti ikiwa imetia nanga. Chini ya tope lililotua, chuma huliwa kwa siri. Ama pampu izungushwe kila siku, ama maji yamwagwe, mirija isuuzwe na kukaushwa.

Lakini utajuaje kwamba muda wa kufungua umefika? Hapa ndipo daftari linapohitajika, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona madaftari mengi yaliyojazwa namba zilezile kila saa na mtu aliyekuwa amelala. Andika joto la oili ikiingia na ikitoka, joto la maji yakiingia na yakitoka, na presha ya maji kabla na baada ya chombo, injini ikiwa kwenye mzigo uleule. Tuseme chombo kikiwa kisafi, oili iliingia na nyuzi 72 ikatoka na 58, na maji yaliingia na 26 yakatoka na 31. Miezi minne baadaye oili inatoka na 64. Usikimbilie asidi. Tazama presha. Ikiwa presha inayopotea ndani ya mirija imeongezeka, mirija imeziba au imebanwa na ukoko. Ikiwa haijabadilika, huenda ni utando mwembamba wa ukoga, au uchafu uko upande wa oili ambako hujapima. Ikiwa imepungua, una mambo mawili ya kuchagua, nayo yanatenganishwa na kipimajoto cha maji yanayotoka. Pampu ikidhoofika, maji machache yatatoka yakiwa na joto zaidi kuliko zamani. Lakini ikiwa maji yanatoka na joto pungufu, basi ni mengi kama kawaida ila hayafanyi kazi: gasketi ya kigawanyio, yaani ukuta ulio ndani ya kichwa unaotenganisha maji yanayoingia na yanayotoka, imekatika, na maji yanatoka mlango wa kuingilia kwenda mlango wa kutokea kwa njia ya mkato bila kupita kwenye mirija. Nimeona vipoza oili viwili vikitiwa asidi mara tatu kila kimoja kwa kosa hilo, wakati gasketi ya upana wa kidole ndiyo iliyokuwa na ugonjwa.

Nami pia nilikosa, na nitawasimulia. Nikiwa kijana wa kusaidia fundi kwenye chombo kimoja cha majini, niliachwa peke yangu kusafisha mirija. Brashi ya nailoni ilikuwa inakwama. Nikachukua nondo ya milimita 8, nikainoa ncha, nikaanza kusukuma ukoko kwa nyundo ndogo. Ulitoka vizuri, kwa vipande virefu kama maganda ya muhogo, nikajisifu. Mrija mmoja katika safu ya chini nilihisi nondo imekata kona kidogo, kisha ikapita. Sikusema. Tukafunga, tukasafiri.

Siku ya tatu tulipotia nanga, mvuvi wa dagaa kutoka Kibirizi aliyekuwa anapita na mtumbwi wake alituita akatuonyesha maji nyuma yetu. Palikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua, mrefu kama utepe. Injini ikiwa inafanya kazi, presha ya oili ilikuwa kubwa kuliko ya maji, hivyo oili yetu ilikuwa inapenya kwenye tundu langu na kutoka ziwani. Hilo lilikuwa baya, kwa kuwa watu wananywa maji ya ziwa hili. Lililo baya zaidi lilitokea usiku, injini ilipozimwa. Presha ya oili ilishuka hadi sifuri, na maji, yaliyosimama kwenye bomba lililo juu ya chombo, yakageuza njia yakaingia upande wa oili. Asubuhi fundi mkuu alichomoa kijiti cha kupimia oili, na kilitoka na kitu cheupe kama maziwa ya mtindi. Alinitazama tu. Nikamwambia ukweli wote, na hakunipiga wala kunifukuza. Alinipa kazi ya kuchomoa fungu lile na kuutafuta mrija wangu mwenyewe. Tangu siku ile sijaingiza chuma kikali ndani ya mrija. Na tangu siku ile, nikipima oili, huipima kabla ya kuwasha injini, maana ni usiku ndipo maji huingia.

Basi usafishaji ufuate ulaini wa mrija. Anza na maji yenye nguvu, kisha brashi ya nailoni iliyotoshea, ikisukumwa kutoka mwisho hadi mwisho bila kurudishwa katikati. Brashi ya waya wa chuma kwenye mirija ya shaba huondoa ile ngozi nyembamba ya kahawia ambayo ndiyo ngao ya mrija. Asidi ni ya ukoko tu, si ya ukoga, na iwe na dawa ya kuizuia isile chuma. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe maji hayamiminwi kwenye asidi. Tundu la juu la chombo liachwe wazi, kwa sababu ukoko unapoyeyuka hutoa gesi nyingi. Asidi ya haidrokloriki isiguse chuma kisichoshika kutu, na amonia isiguse aloi ya shaba, kwa kuwa huipasua nyufa. Baada ya hapo suuza, tuliza kwa magadi soda, suuza tena, na maji hayo ya sumu yasimwagwe ziwani. Upande wa oili, pale fungu linapotoka, loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni kali, na uwe na subira.

Kabla ya kufunga, jaribu. Vua vichwa vyote viwili, jaza maji upande wa ganda, ondoa hewa yote, kisha pandisha presha kwa pampu ya mkono. Wengi hutumia mara 1.3 ya presha aliyokusudia msanifu. Shikamaneni na kilichoandikwa kwenye kibao cha chombo. Subiri nusu saa huku ukiitazama mirija kwa tochi. Mrija uliotoboka hulia machozi kutoka ndani. Kiungo kilicholegea huvuja kwa kuzunguka ncha. Haya mawili yasichanganywe. Cha kwanza kinataka kizibo, cha pili kinataka rola, na rola kwa kiasi: ukuta wa mrija wa chuma ukipungua asilimia 5 hadi 8 umeshika, na ukiendelea kuzungusha unaulegeza wa jirani kwa kulisukuma bamba. Msijaribu kwa hewa ya kompresa yenye presha kubwa. Maji yakipasua chombo yanamwagika. Hewa ikipasua chombo inalipuka.

Mrija unaozibwa huzibwa ncha zote mbili, na kabla ya kuuziba utoboe kwa makusudi. Hili wengi hawalijui. Mrija mzima ulioziba ukiwa na maji ndani hupata moto, presha hupanda, na siku fundi atakapofungua kichwa, kizibo kinaweza kuruka kama risasi kuelekea usoni pake. Kwa desturi, mirija iliyozibwa ikifika 10 katika kila 100, ni wakati wa kuweka fungu jipya, kwa hiyo fungu hilo liagizwe mapema, mirija iliyozibwa ikifika mitano, tukikumbuka zile kilomita 1,200.

Neno moja kuhusu gasketi. Najua tunakata gasketi kwenye tyubu za magari kwa sababu zinapatikana na ni rahisi kukata. Upande wa maji matupu nitanyamaza. Upande wa oili, mpira ule huvimba, hulegea na kutoka mahali pake, na ndipo ile njia ya mkato niliyoieleza huzaliwa. Nunueni shiti ya gasketi inayostahimili oili, ikateni wenyewe, msirudie iliyotumika, na boliti zikazwe kwa kupishana, hii kisha ile iliyo mkabala nayo, kwa mizunguko mitatu, ya mwisho tu ndiyo ya nguvu kamili.

Ndugu Mwenyekiti, naona boliti zetu zimelowa vya kutosha. Vijana wawili walete spana namba 19 na beseni la kukingia oili, na wazee wasogee mbele ili waone. Kabla hatujalegeza boliti ya kwanza, mmoja wenu achukue chaki apige alama kwenye kichwa na kwenye ganda, mstari mmoja unaopita juu ya vyote viwili, tujue kilivyokuwa kimekaa.